Bafuni kwa Mama Mkwe

Mwaka tisini na sita, bidhaa za Dubai zilipojaa madukani Dodoma, Bartolomayo, fundi bomba wa Ipagala, alikuwa na kazi mpaka Jumapili. Na mdomo alikuwa nao. Ukimwita akufungie hita ya gesi ya kuchemshia maji ya kuoga, utasomeshwa: mtungi ukae nje, moto uwe wa buluu, usiwashe mkubwa halafu ukapooza kwa maji baridi, huko ni kuchoma gesi bure. Na matundu mawili ya hewa ukutani yasizibwe, upepo wa Julai uvume utakavyo.

Mtu mmoja tu hakumsomesha: mama mkwe wake, Raheli, aliyetoka Mvumi kuja kuishi Mkonze kwa mwanawe Elieza, karani wa serikali. Angemsomeshaje? Kwao mkwe hatazamwi usoni, sembuse kuzungumza naye habari za kuoga! Bartolomayo alifunga hita, akampa Elieza maelezo, akaondoka kainamisha kichwa. Elieza naye akasahau, kama kawaida yake.

Siku ya tatu asubuhi, fundi alirudi kukaza koki iliyokuwa ikivuja. Kupita nyuma ya nyumba, akaona matundu yote mawili yamezibwa kwa vipande vya gunia. Bibi alikuwa amekomesha baridi. Ndani maji yalikuwa yakimwagika na hita ikinguruma.

"Shikamoo, mama!" aliita. Kimya. "Mama!" Kimya.

Moto ukikosa hewa hutoa sumu isiyo na harufu, na hilo Bartolomayo alilijua vizuri mno. Akafunga mtungi, akang'oa magunia, akakimbilia ndani. Mlangoni pa bafu akasimama. Kuingia bafuni kwa mkwe! Aliogopa, tena sana. Kisha akaupiga mlango kikumbo, komeo likaruka, akaingia kafumba macho, akapapasa, akamfunika kanga na kumburuta hadi uani.

Bibi alikohoa, akatapika, akapona. Aliyeugua ni Bartolomayo, kwa aibu. Wiki nzima hakukanyaga Mkonze. Mkewe Edina akimwambia anauliziwa, anasingizia kazi.

Hatimaye Raheli alikuja mwenyewe Ipagala, akaketi sebuleni, akamtazama mkwewe usoni.

"Baba, ulifumba macho?"

"Nilifumba, mama."

"Ungejigonga ukutani tukafa wote wawili." Alianza kucheka, halafu akalia. "Siku nyingine yafumbue."