Kifuniko cha Kwanza

Mimi sipendi mtu anayejua kuliko mimi. Nalisema mapema ili msinishangae huko mbele. Nilikuwa karani wa mizigo stesheni ya Kilosa tangu kabla ya bendera kubadilishwa, na kila kitu kinachoingia kwenye gunia au kreti kimepita mikononi mwangu. Mjini watu walizoea kuniuliza mimi. Ndiyo maana Yeremia alinikera tangu siku ya kwanza.

Yeremia alikuwa mhudumu wa kaunta kwenye hoteli moja ya watalii kule Mikumi. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye shati jeupe lisilojua kujikunja. Alizaliwa milimani, upande wa Mamboya, kwenye nyumba ya Waanglikana wa kusali asubuhi na jioni, na namna alivyoishia nyuma ya kaunta ya pombe aliijua mwenyewe na Mungu wake. Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, alidandia lori akaja Kilosa kwa Mzee Petro. Mfukoni alikuwa na kichupa, na ndani ya kichupa mlikuwa na wiski.

Mzee Petro alikuwa fundi cherehani. Alipigana Burma wakati wa vita, na huko afisa mmoja alimwonjesha wiski siku ya Krismasi. Tangu hapo kila wiski duniani aliipima kwa ile ya Burma, na hakuna iliyoifikia. Mshabiki wa pili nilikuwa mimi, Onesphory. Wa tatu, kama naye tumhesabu, alikuwa Bi Mwanakheri, mfua nguo, ambaye kibanda chake kilipakana na cha Petro. Hakuwahi kugusa pombe na hakuwa na nia ya kuanza, ila mazungumzo yetu aliyapenda. Alituazima meza yake ya kupigia pasi kwa sharti moja.

"Vikombe vyangu ni vya chai," alisema. "Mkitaka najisi yenu, tafuteni vyombo vyenu."

Basi tukanywea vifuniko vya chupa. Kifuniko kimoja kwa mtu mmoja, kwa wiki mbili. Asije mtu akawaambia tulikuwa walevi, maana ulevi wa kifuniko kimoja hata kuku haumpati. Siku moja balozi wa nyumba kumi alikuja kutuuliza kwa nini tunakunywa kinywaji cha mabepari wakati nchi inajenga ujamaa. Mzee Petro hakuinua hata macho kwenye cherehani. "Tunakitaifisha, ndugu balozi," akasema, "kifuniko kwa kifuniko." Balozi alicheka, akakaa, akataifisha na yeye kidogo.

Raha yenyewe ilikuwa maneno. Majina ya kwenye chupa hatukuyajua, kwa hiyo wiski tuliziita kwa majina ya wageni wa Yeremia. Kulikuwa na ya Mjerumani Mwenye Kipara, ya Bibi wa Kamera, na ya Wahandisi, yaani wale waliokuwa wakijenga barabara kuu. Tukishaonja, kila mtu alisema alichokiona. Mzee Petro alisema, "Si mbaya, lakini ile ya Burma ilikuwa na heshima zaidi." Mimi nilisema, "Kali." Kama ni kali zaidi, nilisema, "Kali sana." Kisha wote tulimgeukia Yeremia.

"Ya Mjerumani ina moshi," alisema polepole, macho ameyafumba. "Si moshi wa jikoni. Ni wa shamba lililochomwa, halafu mvua ikanyesha kabla ya moto kuzimika. Ya Bibi wa Kamera haina moshi kabisa. Ile ni zabibu kavu zilizosahauliwa ndani ya sanduku la nguo."

Na kweli, ukionja tena lile tone lililobaki kwenye kifuniko, unakuta zabibu, unakuta na sanduku. Bi Mwanakheri huku anakung'uta shuka alisema, "Mtu huyu Mungu kampa ulimi." Wangu hakuwahi kuusifu, na mimi nilimpelekea nguo za kufua tangu mwaka wa Uhuru.

Sasa, iko desturi ambayo bila hiyo habari hii haiendi. Kwetu mwenye pombe hutangulia kuonja. Mama aliyepika hunywa wa kwanza mbele ya wageni, waone kwamba pombe haina neno, ndipo kata izunguke. Mzee Petro aliishika desturi hiyo kama amri ya jeshi. Aliyeleta atangulie. Asiyetangulia, abebe pombe yake aende zake. Kwa hiyo kifuniko cha kwanza kilikuwa cha Yeremia siku zote. Alikipokea kwa mikono miwili, akarudisha kichwa nyuma, kisha akatoa leso ya mfukoni akajipangusa midomo, tena kwa muda mrefu, kama mtu aliyekula muwa.

Leso hiyo ilinikaa akilini. Mtu anayependa wiski hupangusa kweli? Mimi nililamba mpaka kifuniko. Nikaanza kuwaza: huyu bwana anatuchanganyia chai, hataki kunywa uchafu wake mwenyewe. Nikawaza tena: au anaiba hotelini. Wazo moja likazaa jingine, na mwaka 1973, mvua za masika zilipokatika, nilijitafutia safari ya kufuatilia kreti lililopotea. Kreti halikuwepo. Nikapanda lori la pamba mpaka Mikumi, huku nikijiambia kwamba njia ya mwongo ni fupi.

Nilifika alasiri. Kabla sijaonekana nilisimama nje ya dirisha la baa. Yeremia alikuwa kaunta, na mbele yake mzungu mmoja mnene aliyeungua jua. Mzungu akaagiza yake, kisha akamnyooshea Yeremia kidole na kusema kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Na wewe, moja." Yeremia akashukuru, akaimimina, akainusa kwa makini. Akamuuliza mgeni jambo, na mgeni akaeleza kwa mikono yote miwili, huku Yeremia akiitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Mgeni alipoondoka, Yeremia akainama, akatoa kichupa chini ya kaunta na kumiminia humo ile glasi yake yote.

Nyuma yangu mwanamke akakohoa. Alikuwa Fausta, mfagiaji wa hoteli, na ufagio kaushika kama bunduki. Nikamwambia mimi ni rafiki wa Yeremia kutoka Kilosa.

"Ndio nyie!" akasema, uso ukamfunguka. "Ndio mnaokunywa zawadi zake!"

"Zawadi gani?"

"Hizo anazonunuliwa na wageni. Yeye hanywi, kaka. Hata togwa iliyolala ikachacha hanywi."

Nikamwambia haiwezekani, huyo ni mwalimu wetu wa wiski. Fausta akacheka mpaka akauegemea ufagio. Kisha akanieleza. Baba yake Yeremia alikuwa fundi mwashi, na siku moja, akitoka kwenye pombe Kidete, alijaribu kuvuka mto Mkondoa uliofurika. Walimpata siku ya tatu. Mama yake akamshika Yeremia mkono juu ya kaburi, akamwapisha kwamba tone halitapita kooni mwake. Halikupita. Lakini kazi aliyoipata ni ya kuuza pombe, na kwao milimani wanamhesabu mlevi, hawamwaliki hata kwenye ubatizo.

"Na huku walevi wanamwona mlokole," alisema Fausta. "Hana pa kukaa. Ila ikifika Ijumaa ya zamu yake anaimba. Anapiga pasi lile shati mara mbili. Anasema Kilosa wana nafasi yake mezani."

Mtu mwema angerudi nyumbani na kunyamaza. Mimi nilirudi nimevimba, maana sasa nilijua kifuniko cha kwanza kiliishia wapi: kwenye leso. Miaka minne yule bwana ananifundisha utamu wa kitu asichokijua! Miaka minne mimi nasema "Kali" na watu wanacheka, na yeye asiyemeza hata tone anasifiwa ulimi! Nikaapa kwamba Jumamosi inayofuata Mzee Petro atamjua mgeni wake.

Jumamosi hiyo Yeremia alikuja uso unang'aa. "Shikamoo mzee," akamwambia Petro. "Marahaba, mwanangu." Akaweka kichupa mezani kama anaweka yai. Alisema ni ya Mskoti mmoja mzee aliyekuja kuona tembo. Mskoti huyo alikuja na chupa yake mwenyewe, iliyokaa kwenye pipa miaka mingi kuliko umri wa mtoto wa darasa la nane. Akamwonjesha Yeremia kwa sababu alimuuliza maswali mazuri.

"Hii," alisema Yeremia, "sijui kama tutaipata tena."

Mzee Petro akafungua, akanusa, akasimama wima kama yuko gwaride. Akamimina kifuniko cha kwanza. Hapo ndipo nilipoanza kupiga chafya. Nilipiga tatu za uongo, nikalaumu vumbi la vitambaa.

"Ndugu Yeremia, niazime leso."

Akanitazama. Akashika mfuko. Kwetu mtu hawezi kumnyima mwenzake leso huku kamasi linamtoka. Akanipa, nami nikapengea humo kwa nguvu zangu zote, ili asiweze kuiomba tena. Bi Mwanakheri aliacha kupiga pasi akanitazama kwa jicho baya.

"Tangulia, mwanangu," akasema Petro.

Yeremia akapokea kifuniko kwa mikono miwili. Akakifikisha midomoni, kikasimama hapo. Nilikuwa nimeingojea saa hiyo wiki nzima. Nilitaka kuona uso wake, na nikauona. Haukuwa uso wa mwongo aliyekamatwa. Ulikuwa uso wa mtoto aliyeshikwa mkono juu ya kaburi. Akaangalia meza, akamwangalia Petro, akaangalia kigoda chake mwenyewe chenye mguu mmoja mfupi, ambacho kila mara alikisawazisha kwa kigae. Midomo yake ikaanza kufunguka, na sikujua kama ni kwa kusema au kwa kunywa. Yeye mwenyewe, nadhani, hakujua.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilijisikia vibaya kiasi ambacho sijawahi, na mkono wangu ukaenda bila kuniuliza. Nikampokonya kile kifuniko, nikakimimina kooni kwangu.

Mzee Petro akanguruma, "Karani! Umevunja desturi!"

"Mimi ndiye niliyeleta," nikasema, machozi yananitoka, maana iliniingia puani. "Yaani, mimi ndiye... kreti lilikuwa langu..."

"Kreti gani? Aliyeleta ni huyu!"

"Basi huyu asinywe!" nikapayuka. "Kwani lazima? Mnataka kumwua mtu kwa desturi?"

Bi Mwanakheri akaweka pasi chini. "We Karani," alisema, "hivi wewe ndio unajua leo?"

Nikamwuliza najua nini.

"Leso ile nani anaifua? Miaka minne kila Jumamosi yake inaachwa kwangu inanuka kuliko nyinyi wawili. Naiosha mara saba, kisha nanawa. Leo ndio umenichanganyia na makamasi."

Nikamgeukia Petro. Mzee alikuwa anakuna kidevu na kutazama paa.

"Mwanakheri aliniambia tangu mwezi wake wa kwanza hapa," akasema. "Nikamwambia anyamaze. Mtu anayetoka Mikumi mpaka hapa kukuletea kitu ambacho hanywi, utamtafutia sumu gani?"

Yeremia alikuwa bado kashika mikono yake miwili hewani, kama kifuniko kimo. Sauti yake ilitoka ndogo. "Kwa hiyo, mzee, mimi niende?"

"Uende wapi?" Petro akafoka. "Kaa! Wiski inapoa!"

Sikuwahi kusikia kwamba wiski hupoa, lakini hakuna aliyebisha. Bi Mwanakheri akaja na birika lake. Akachukua kifuniko cha Yeremia, akakisuuza mara ngapi sijui, kisha akakijaza chai. "Haya, mwenye pombe," akasema, "tangulia." Yeremia akarudisha kichwa nyuma akanywa, na kwa mara ya kwanza hakujipangusa. Shati lake jeupe likadondokewa na chai. Leso niliifua mwenyewe, kisimani, mchana kweupe, na watoto wa kijiji cha Chanzuru waliokuwa wakipita walisimama kutazama karani anafua.

Nilimwuliza siku hiyo hiyo alizijuaje ladha zote zile. "Nyinyi mkinywa mnakuwa na kazi ya kumeza," alijibu. "Mimi nina nafasi ya kunusa na kuwasikiliza wageni." Nikamwambia hilo ni tusi. Akasema samahani, ndugu Karani, lakini hakulirudisha.

Baadaye ikaja miaka ya foleni. Sabuni ikawa habari, sukari ikawa hadithi, na wiski ndiyo kabisa. Watalii wakapungua, na waliokuja walikunywa walichokikuta. Yeremia aliendelea kuja Jumamosi zake bila kichupa. Tulikaa kwenye meza ile ile, vifuniko vile vile, chai ya Bi Mwanakheri isiyo na sukari. Yeremia alitangulia kama kawaida. Kisha Mzee Petro, ambaye macho yalikuwa yameanza kufifia, aliegemea ukuta akasema, "Hebu tupe ya Mskoti."

Yeremia alifumba macho. "Asali," alianza, "lakini asali ya mzinga uliotundikwa karibu na reli, yenye masizi kidogo. Halafu chumvi inakuja mwishoni, imechelewa..."

Tukanywa chai yetu taratibu, na tukaionja. Peke yetu tusingeweza, kwa sababu mimi na Petro, tuliozinywa zote, hatukukumbuka hata moja.