Maoni Kuhusu Mama Aliyetoka Kwenye Kopo

Nilishuka kwenye basi kituo kimoja kabla ya kile nilichoelekezwa, kwa sababu dereva alikuwa akiyatafuna majina ya mitaa ya University Boulevard na mimi nikabahatisha. Ilikuwa Jumapili ya katikati ya Machi 1999, saa nane mchana. Theluji ya wiki iliyopita ilikuwa imebaki vilima vyeusi kwenye kona za maegesho. Adelphi, Maryland, sikuwa nimepata kuiona: majengo ya matofali mekundu, ghorofa tatu tatu, yote sura moja. Mama aliyebeba furushi la nguo za kufua alinielekeza kwa Kihispania, nikamshukuru kwa Kihispania, na bado niligonga mlango usio wenyewe kabla ya kuupata wa kweli.

Ndani ya koti nilikuwa na bahasha kutoka Nansio, Ukerewe. Nilipewa mwezi Januari, nilipopita huko katika kazi yangu ya ukalimani, na mwanamke aitwaye Jacqueline, akiwa kasimama kwenye mlango wa nyumba ambayo mama yake alitolewa kwenda kuzikwa Novemba.

"Mpe mkononi kaka yangu," aliniambia. "Mwambie kaburi halina msalaba. Wazee wamekataa usiwekwe na mtu mwingine, na mwana wa kiume ni yeye peke yake. Tanga halijaondolewa. Kila anayepita anatuuliza, nasi hatuna la kujibu."

Kaka mwenyewe ndiye aliyenifungulia mlango. Silvanus alikuwa na miaka arobaini na miwili, mrefu, mkavu, vidole vimechunika kwa sabuni. Kazi yake ilikuwa kufua mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee huko Riverdale Park. Aliipokea bahasha, akaipima uzito kwa kiganja, akaiweka juu ya televisheni bila kuifungua. Halafu akanivuta jikoni.

"Mgeni wangu, nakuomba. Hapa hakuna anayejua."

"Tangu Novemba?"

"Nikisema, watakuja kukaa na mimi. Wakikaa, wataniuliza nasafiri lini. Nitawaambiaje?"

Akanieleza huku akisuuza vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi. Viza yake iliisha mwaka 1993. Mwenye nyumba ya wazee alikuwa amemwombea karatasi za kazi, na mwanasheria alisema huenda zikatoka kabla ya majani kupukutika. Lakini akitoka nje ya nchi kabla ya hapo, ombi limekufa, na kwa sheria mpya hataruhusiwa kurudi kwa miaka kumi.

"Nikienda, nimejifungia mlango," alisema. "Nikikaa, mama analala vile vile, kama mtu asiye na mtoto. Kila siku nikiamka nachagua kukaa. Jioni najuta, kesho yake nachagua tena."

Sebuleni mtu aliita, "Silvanus! Chai baadaye, anza kazi!"

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Miaka ya themanini, pale Mwanza, Silvanus alikuwa msimulizi katika banda la video. Alisimama kando ya televisheni na fimbo, akawaeleza watu kwa Kiswahili wanachosema Wahindi na Wachina, lugha ambazo hakuzijua hata moja. Alipokuja Amerika kusomea mambo ya hoteli, ada ikamshinda mwaka wa pili, akaishia kwenye mashuka. Banda likabaki nyuma, mpaka alipowakuta mabibi.

Mabibi hao waliletwa na watoto wao kulea wajukuu. Bibi Euphrasia alitoka Bukoba, bintiye muuguzi. Bibi Jepkosgei alitoka upande wa Kapsabet, Kenya, na wote hapo walimwita Kogo, yaani bibi kwa lugha ya kwao, kama mjukuu wake Bridget alivyomwita. Wiki nzima walikaa na televisheni inayowabwatia Kiingereza. Siku moja baada ya misa Silvanus alimkuta Bibi Euphrasia akitazama filamu huku analia, akamwuliza inamliza nini, naye akajibu, "Sijui, mwanangu. Nimeona tu wenzangu wanalia." Tangu siku hiyo kila Jumapili alikodi kaseti na kuwasimulia.

Alikuwa na sharti moja alilolitoa Mwanza: chai hainyweki mpaka kila mtazamaji ametoa maoni, na maoni yanaandikwa. Daftari lake lilikuwa na miaka mitatu ya Jumapili. Nililifungua. *Farasi wazuri, watu wabaya*, alisema Bibi Euphrasia. *Wanabusiana sana na hakuna anayepika.* Kogo: *Huyo polisi akuje nyumbani kwangu nimfunze adabu.*

Kuanzia Novemba maoni yalibadilika. *Vita tena.* *Farasi tena.* *Mbona siku hizi hakuna bibi mkorofi?* Ndipo nikaelewa. Sauti waliyoipenda kuliko zote, ya kikongwe mkali mwenye kicheko cha kukwaruza, ilikuwa sauti ya mama yake. Tangu azikwe, Silvanus hakukodi tena filamu yenye mwanamke mzee.

Lakini safari hii aliyechagua kaseti ni Bridget, mwenye miaka tisa. Duka la kaseti lilikuwa limeipamba rafu nzima kwa karatasi za kijani kwa ajili ya sikukuu ya watu wa Ireland, na Bridget, aliyepewa jina la mtawa wa Ireland aliyemzalisha nyanya yake misheni, aliona rafu hiyo ni yake. Alisikia Kiswahili chote ila alijibu kwa Kiingereza.

"Hii inahusu nini?" Kogo aliuliza.

"Watu wa Ireland," Silvanus alisema, akisoma nyuma ya kasha. Nilimwona uso ukibadilika. "Ni ya kuchekesha. Ya familia."

Ilikuwa kweli ya kuchekesha. Muuza magari wa Kimarekani, aliyezaliwa Ireland na asiyetaka kuikumbuka, anafungua kopo la uji asubuhi, na humo anatoka mama yake marehemu, kimo cha kichupa cha chumvi, amevaa koti la kijani. Analalamikia chai. Anaruka juu ya meza. Anajificha kwenye kofia ya padri na kumfanya aimbe katikati ya mahubiri.

Silvanus alisimama kando ya televisheni, fimbo yake ni rula ya Bridget. Kwa dakika chache alimsimulia mama yule kwa sauti kavu, kama msoma taarifa ya habari.

"Mama anasema chai si nzuri."

"Anasema hivyo tu?" Bibi Euphrasia alifoka. "Mdomo wote ule unacheza, halafu chai si nzuri? Utupe sauti, bwana! Umetunyima tangu mwaka jana."

Silvanus alinitazama. Mimi nikatazama zulia. Akainua rula, na sauti ikatoka.

"Hii ndiyo chai? Au mmeoshea miguu ya ng'ombe? Mwanangu, umenenepa, nani anakulisha? Huyu mzungu? Anajua kusonga?"

Kogo alipiga makofi mapajani. Bibi Euphrasia alicheka mpaka kilemba kikamlegea. Kwa saa nzima mama wa kopo alikuwa mtu wa Nansio: aliulizia bei ya dagaa, akakataa kukalia kochi kwa kuwa linameza watu, akamtukana bosi wa magari kwamba ana shingo ya bata mzinga. Nilimsikia Jacqueline ndani ya kicheko kile. Dada na kaka walikuwa wamekirithi wote.

Kisha ikafika sehemu ambayo filamu za namna hii hazikosi. Watoto wamelala, mwana ameketi jikoni peke yake, mama amekaa ukingoni mwa sahani. Mwana anauliza kwa nini amekuja. Analia, anasema hakwenda mazishini, alikuwa na kazi, alikuwa na hofu. Na mama, kwa Kiingereza nilichokisikia kwa masikio yangu, anamcheka. Anamwambia yalikuwa mazishi mazuri, watu walijaa mpaka uani, chai haikuisha. Angekuja angeshikwa na mafua bure. Unadhani nilikuwa nahesabu nani hayupo? Halafu anambusu kidole gumba, maana hafiki zaidi ya hapo.

Silvanus aliteremsha rula. Filamu ikaendelea bila yeye.

"Anasemaje?" Bibi Euphrasia aliuliza.

"Anasema," Silvanus alianza, kwa sauti ile ile ila bila kicheko, "anasema, nilikungoja. Niliwaambia wasinifunike uso mpaka Silva afike. Wakangoja mpaka jua likaingia. Ndipo wakanifunika. Silva, ulikuwa wapi?"

"Hakusema hivyo, Anko," alisema Bridget kwa Kiingereza. "Hakusema hivyo hata kidogo."

"Nyamaza," Kogo alimwambia.

Bibi Euphrasia hakuwa akitazama filamu tena. Alikuwa akiitazama bahasha juu ya televisheni, iliyoandikwa *Silvanus, mkononi*. Aliichukua rimoti akazima. Kisha akainuka, akaipa mgongo meza ya kahawa na kuisukuma mpaka ukutani. Kogo hakuuliza, alishika upande wa pili wa kochi, na vikongwe wawili wakaliburuza hadi kwenye korido. Bibi Euphrasia akafungua kanga ya mabegani, akajifunga kiunoni, akaketi chini sakafuni, miguu kainyoosha. Kogo akaketi kando yake. Nami nikaketi.

Silvanus alibaki kasimama na rula.

"Lini?" Bibi Euphrasia aliuliza.

"Novemba. Tarehe kumi na saba."

"Novemba!" Kogo aliruka. "Wewe kijana! Na Krismasi si ulituwekea ile ya farasi, tukacheka mpaka mimi nikashikwa na mbavu? Unatuachaje tucheke hivyo na mama yako ako kwa mchanga?"

"Kogo, nisamehe."

"Sikusamehe leo. Kaa chini."

Akakaa. Tulisikia maji ya jirani yakipita kwenye bomba ukutani. Halafu Bibi Euphrasia akasema, "Leta daftari. Tutoe maoni."

"Bibi, leo hapana."

"Sharti ni lako. Andika. Mimi Euphrasia nasema: yule mwana ni mjinga, lakini nimewaona wengi kama yeye, na mmoja ni mimi. Dada yangu alizikwa Kamachumu nikiwa hapa Maryland nafuta makamasi ya watoto. Na mimi watanizika hapa hapa, kwenye majani yaliyokatwa kwa mashine, na hao wajukuu watasimama hawajui waimbe nini. Umeandika?"

Alikuwa ameandika. Herufi zilipanda mlima.

"Mimi," alisema Kogo, "nasema angeambia majirani. Kwisha."

Zamu ikawa ya Bridget. Alikuwa amejikunja karibu na mlango wa jikoni, hajui kama amekosa. Silvanus akamgeukia. "Bridget. Yule mama alisemaje? Mimi sikusikia vizuri."

Mtoto akaanza kwa Kiingereza. Akatazama miguu ya mabibi iliyonyooshwa sakafuni, akaacha. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nifike, na nadhani tangu wote wamjue, akasema Kiswahili, taratibu, akiokota neno moja moja.

"Alisema... wewe si baya. Alisema, watu ilikuwa mingi. Chai ilikuwa mingi. Yeye hakukuwa na hasira." Akafikiri. "Alisema, ungekuja ungeshika homa. Na yeye alicheka, Anko. Wewe hukucheka."

Silvanus aliinamisha kichwa juu ya daftari, na kilio kikamtoka. Hakikuwa kilio kizuri cha filamu. Kilikuwa cha puani, cha kukoroma, na kiliendelea mpaka Bridget akaogopa na kwenda kukaa mapajani mwa Kogo. Nilidhani maneno ya mtoto yangemtuliza. Hayakumtuliza. Baadaye aliniambia kwamba kama mama angekuwa na hasira, angeweza kubaki Amerika na kuikimbia hasira hiyo.

Alipofungua bahasha, ndani mlikuwa na picha moja: tuta la udongo limezungushiwa mawe, na kichwani pake nafasi tupu waliyoifagia vizuri.

Tulikaa sakafuni siku tatu. Watu wa parokia walikuja na sufuria za wali, wakaacha viatu mlangoni, wakauliza lile swali alilokuwa akilikimbia: unasafiri lini? Siku ya tatu alijibu. Alipiga simu kwa mwenye nyumba ya wazee, akamshukuru. Alipiga kwa mwanasheria, ambaye alimwuliza mara mbili kama ameelewa. Alielewa. Miaka saba ya mashuka ikaingia kwenye begi moja.

Asubuhi ya safari, Ferdinand, mkwe wa Bibi Euphrasia, alileta gari. Mabibi walikuwa wameshaapa kumsindikiza mpaka uwanja wa ndege wa Dulles, na Bridget naye, hivyo mimi sikuwa na nafasi. Silvanus aliteremsha kioo, akanipa funguo za chumba, kaseti ndani ya kasha lake, na daftari.

"Hujatoa maoni," alisema. "Ulikunywa chai yangu bure."

"Sijui nitoe kuhusu filamu ipi. Nimeona mbili."

Akacheka, kile kicheko cha kukwaruza, halafu akakisikia mwenyewe na kukiacha katikati.

"Basi andika zote mbili," alisema.

Kutoka kiti cha nyuma Bibi Euphrasia alininyooshea kidole. "Na wewe, mgeni mwenye lugha nyingi, Jumapili saa nane. Usituletee farasi."

Gari likazunguka vilima vyeusi vya theluji, likaingia University Boulevard, likasimama kwenye taa nyekundu kwa muda mrefu kiasi cha kunifanya nidhani nitakimbia nikamwambie kitu. Sikukipata. Taa ikawaka kijani. Nikabaki kwenye maegesho na kaseti iliyotakiwa dukani kabla ya saa sita, na duka sikujua liko upande gani.