Kakao Ilifika

Patron wetu, mukubwa wa kazi, alitoka Ulaya. Kampuni yao ilifungua tawi hapa Butembo, ku Mususa, inanunua kakao ya Beni na kuipeleka ku kiwanda chao ngambo ya mupaka. Miye nilikuwa gérant, musimamizi wa dépôt, ile stoo ya kakao. Siku moja akaniambia mbele ya bamama benye kuchagua kakao: "Hii camion ikifika muzuri, tunabakia. Ikikwama, bakubwa banafunga hii tawi." Bamama balisikia. Mikono yabo iliendelea tu.

Sheria ya kule kwabo ilikuwa hivi: camion, ile lori, inafungwa na plomb, kale kafuli ka chuma kenye namba, na hapana mutu kukakata mpaka kiwandani. Nikamuambia: "Patron, ku mupaka wa Kasindi kila service ya serikali inataka kuona na macho yake. Bacommerçant, bafanyabiashara ba hapa, banafunika bâche tu, turubai. Inafunguliwa, inafungwa, basi."

Akacheka. "Tuko na karatasi zote."

Eh, karatasi! Haya, tukaenda.

Ku Kasindi, batu ba douane, ba forodha, bakakata plomb. Patron akafunga ingine. Service ya pili bakasema: "Siye hatuyaona kitu, fungua." Bakakata. Ya tatu vilevile. Habakukuwa batu babaya. Kila mumoja alikuwa na mukubwa wake wa kuogopa, sawa vile patron alikuwa na bake. Akapigia bakubwa simu. Bakajibu: namba ya plomb hapana ile ya ku karatasi, murudishe.

Tukarudisha. Nilitafuta hasira mu roho, nikaikosa. Nilikuwa nimechoka tu.

Patron akauzisha kakao kwa mucommerçant mumoja wa hapa, akafunga dépôt, akaenda na funguo. Yule mucommerçant akaipakia pamoja na maharage ya Kayna, bâche juu. Nilisaidia kupakia, chemise, shati ya kampuni, ingali mu mwili. Asubuhi ikavuka mupaka. Déclarant wake, mwenye kumufanyia karatasi za douane, akaniambia mahali kwenye ilishukia: ku kiwanda kilekile cha kampuni yetu. Balimununulia pale mulangoni.

Hata kucheka sikucheka.

Bamama balikuwa ku manyumba yabo, banangoja habari. Mwenye kuba mukubwa wabo nikamukuta ku barabara.

"Papa, ile kakao ilifika muzuri?"

"Ilifika, mama."

"Wasingya, aksanti, Mungu asifiwe! Donc, basi kesho tunakuya ku kazi."