Unga wa Dona Uliokwenda Mofu

Mtu akikuambia anataka kuanza mazoezi, usimuulize anataka kupungua kiasi gani. Muulize anafanya na nani. Hilo nililijua kwa miguu yangu mwenyewe, kwenye barabara itokayo Mlabani kuelekea Kivukoni, na ninaliamini mpaka leo, hata baada ya yaliyonipata. Ukiwa peke yako utatembea siku za mwanzo kwa hamasa, zinazofuata kwa aibu, halafu asubuhi moja mvua itanyesha nawe utaishukuru. Lakini kukiwa na mtu anayekusubiri mlangoni, amekwisha kufunga kamba za viatu, utatoka tu.

Mimi nilikuwa na mume wangu. Na mgonjwa hakuwa mimi, alikuwa yeye. Alipimwa akakutwa na sukari, na daktari akatueleza taratibu, bila kututisha. Dawa atameza, lakini dawa haiwezi kufanya kazi yote. Atembee kila siku. Wali, ambao sisi wa bonde hili tunaula asubuhi kiporo na chai, mchana na samaki, usiku na chochote kilichobaki, aupunguze sana. Na miguu aiangalie kila jioni, mpaka katikati ya vidole, kwa sababu sukari ikikaa juu muda mrefu mguu hupoteza hisia. Kidonda kinaingia bila kupiga hodi, na kikishaingia hakitaki kutoka.

Mume wangu ni mkulima wa mpunga. Miezi mingi ya mwaka miguu yake iko kwenye maji na tope. Tukirudi nyumbani nilijikuta nikiitazama ile miguu yake mbele yangu kama nilikuwa sijawahi kuiona.

Tulipofika nikamwambia, "Baba watoto, hutaacha wali peke yako. Naacha na mimi."

"Wewe una nini cha kuacha? Wewe mzima."

"Ndiyo maana nitaweza. Nitakuvuta."

Basi tukawa na chungu kimoja. Nilipika dona, yaani ugali wa mahindi yaliyosagwa na ganda lake bila kukobolewa. Kwa msomaji wa mbali nieleze kwamba Ifakara dona si chakula cha kujivunia. Nyumba yenye mpunga ghalani ikionekana inasonga dona, watu wanajua kuna msiba, au kuna ugomvi. Jirani yangu alichungulia jikoni akaniuliza, "Mwenzangu, mpunga umegoma kwenu?" Nikacheka naye. Sikumweleza ugonjwa, kwa sababu mume wangu aliniomba nisiseme.

Watu huniuliza tulivumiliaje, maana wengi huanza na kuacha. Sisi hatukuvumilia, tulijinogeshea. Usimnyang'anye mtu chakula anachokipenda ukampa kibaya badala yake, atarudi kwenye kile cha kwanza mara tu ukimpa kisogo. Mpe kingine kitamu. Nilipika matembele kwa karanga, mlenda wenye nyanya chungu, perege wa kuchemsha na ndimu na pilipili mbichi. Mboga ilikaa nusu ya sahani, ugali ukawa wa ngumi moja. Na kwenye kutembea sikumhesabia chochote. Siku za kwanza tuliishia pale nyumba zinapoanza kuachana, tukarudi. Baadaye tulifika mbali zaidi bila kuambizana. Jumapili moja tulijikuta darajani tukiangalia mitumbwi chini, na hakuna aliyekuwa amepanga.

Wapanda baiskeli walikwisha kutuzoea. "Shikamoo mzee! Unamkimbiza mama, au mama ndiye anakukimbiza?"

"Marahaba! Tunaukimbia uzee, na unatukaribia!"

Alikuwa anafurahi. Hilo sikulibuni. Mkanda wa suruali ulipomlazimu kutoboa tundu jipya, aliniita kutoka kwenye cherehani yangu barazani nije nilione lile tundu. Sukari ilishuka. Nesi alimsifu naye akanionyesha mimi kwa kidole, "Msifu huyu." Nadhani ni siku hiyo nilipoanza kuamini kwamba tumemaliza kazi.

Kisha mpunga ukaanza kuchanua, akahamia shamba Mofu. Hivyo ndivyo tunavyoishi hapa. Nyumba ziko mjini, lakini msimu ukifika mtu anahamia kwenye kibanda cha shambani kuamia ndege, yaani kukaa juu ya dungu toka alfajiri hadi jua kuzama akiwafukuza wasimalize mpunga. Mimi nilibaki na cherehani. Hatukuwa na hofu. Tulikubaliana kwamba kila asubuhi nitatembea upande wangu naye atatembea upande wake, saa ileile, na chakula nitamtumia.

Nilichagua mahindi mwenyewe punje kwa punje. Nilisimama pale mashineni mpaka yakasagwa yote, wasije wakanichanganyia na sembe. Nikampa dereva wa bodaboda aendaye Mofu, na unga ulipokaribia kwisha nikasaga mwingine. Jioni mume wangu alipanda juu ya kichuguu penye mtandao, akanipigia.

"Umekula nini?"

"Dona na mlenda, mama watoto."

"Umetembea?"

"Mpaka mtoni na kurudi."

"Na miguu?"

"Miguu inakusalimia sana."

Nilikuwa nacheka peke yangu barazani. Asubuhi nilitembea nikijua kwamba na yeye anatembea, na hata nilipochoka nilijisemea kwamba nikikata njia nitakuwa nimemwacha njiani. Sikukuu ya Idi jirani yangu mwenye duka alinipakulia pilau, sahani imefunikwa kwa kawa safi, nami nikamrudishia kwa upole. Aliumia, niliona. Nilikubali aumie.

Siku moja nilipata mabuti ya mpira ya saizi yake, nikaona nimpelekee mwenyewe, bila kumwambia, nimfurahishe. Nilifika Mofu jua likiwa kichwani. Yeye alikuwa mbali juu ya dungu, namsikia tu akigonga debe kuwafukuza ndege. Kibandani nilimkuta mwenzake, mwanamume wa shamba linalopakana na letu, ambaye huniita shemeji. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mbele yake bakuli, anafinyanga vidonge vya unga.

"Aa, shemeji! Karibu, karibu sana! Leo tumetembelewa na bosi mwenyewe."

"Bosi wa nini tena?"

"Wa chambo!" Akaninyanyulia kidonge kwenye vidole. "Huu unga wako, shemeji, ni kiboko. Sembe ukiitia majini inayeyuka, perege anakunywa uji anakwenda zake. Huu una pumba, unashikilia ndoana mpaka samaki ajute. Mtu wako anasema, mke wangu ananisagia chambo huko mjini. Tukamwambia, wewe umeoa! Sisi wake zetu hata chumvi hawatutumii."

Alicheka, nami nikacheka. Sijui ile sauti ilitoka wapi. Mfuko wangu wa unga ulikuwa umening'inia kwenye nguzo pamoja na nyuzi za kuvulia, na kando yake sufuria kubwa la wali, mchele mpya wa shamba lililowahi kuiva, unatoa ile harufu ambayo mtu wa Ifakara hahitaji kuelezwa.

"Wote mnakula pamoja?" nikauliza.

"Sinia moja, shemeji. Hapa hakuna anayejitenga."

Nikaelewa hapohapo, na ni haki nieleze. Huko shambani wanaosaidiana kazi wanakula pamoja. Mtu akikaa pembeni na chakula chake, amesema bila kufungua mdomo kwamba anawaogopa wenzake, kwamba mmoja wao anaweza kumtilia kitu. Neno hilo likishaingia, ndege wakivamia shamba lako hakuna atakayewafukuza. Angeweza kusema tu kwamba anaumwa. Lakini mwanamume anayesema anaumwa, wenzake huanza kumpunguzia kazi na kumwangalia kwa jicho lingine, na mume wangu hakutaka jicho hilo.

Nilielewa yote hayo nimesimama na mabuti mkononi, na kuelewa hakukunisaidia. Wali ningeusamehe. Nilichoshindwa kukimeza ni kile kichuguu. Kwamba kila jioni alitoka kwenye sinia, akanawa mikono, akapanda kule juu akanitafutia uongo mzuri, wenye mlenda ndani.

Alipokuja na kuniona, alitazama mfuko kwanza, kisha mimi. Hakusalimia.

"Mbona kimya?" mwenzake akamtania. "Umeletewa mke na viatu, unataka nini zaidi?"

"Kaa uvijaribu," nikamwambia.

"Baadaye."

"Sasa hivi, baba watoto."

Alikaa, akanyoosha mguu. Chini ya kidole gumba palikuwa na kitambaa kimefungwa, kimelowa. Nilikifungua. Sitaeleza nilichokiona, wapo wanaosoma wakiwa wanakula. Alikuwa anaangalia pembeni na uso wake hata haukukunjamana nilipogusa, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

"Hiki kimeanza lini?"

"Bua lilinichoma. Si kitu, hakiumi."

"Najua hakiumi," nikasema.

Tuliondoka siku hiyohiyo. Mwenzake alipouliza kulikoni, nilimwachia mume wangu ajibu. Akasema, "Kuna dharura nyumbani." Mbele yangu, mguu ukiwa mikononi mwangu bado. Tulipanda bodaboda mshikaki, dereva, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika asianguke. Njia nzima niliulalia mgongo wake.

Kidole kilikatwa. Mguu ulibaki, na daktari alisema tungechelewa kidogo asingeahidi hata huo. Kuamia kwa shamba letu alikubeba yule mwenzake mpaka mpunga ukavunwa, kisha akaja Mlabani kumwona mgonjwa. Huko ndiko alikosikia jina la ugonjwa.

"Sasa ndugu yangu," akamwambia, "si ungesema? Ni nani angekukataa? Tungekusongea huo ugali palepale kwenye sinia, upande wako. Kumbe tulikuwa tunawalisha samaki dawa yako."

Mume wangu alijibu, "Niliona aibu."

"Na sisi tuliokupakulia wali, umetuachia aibu gani sasa?" mwenzake akasema. Hakukasirika, aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Nimekuwa nikiulizwa na wanawake wenzangu wanaokaa barazani kwangu wakisubiri nguo zao, kama bado natembea. Natembea. Mwanzoni nilitembea kwa ukaidi, siku hizi kwa sababu mwili umezoea na magoti yangu yananishukuru. Nawaambia wasiache, hata aliyeanza nao akiwaangusha. Afya uliyoitafuta kwa ajili ya mwingine inabaki mwilini mwako, hakuna anayekuja kuichukua. Wanaitikia kwa vichwa. Wengine huniuliza kwa sauti ya chini kama nimemsamehe, na mimi huwauliza nguo niipunguze wapi.

Juzi tulikwenda kufungwa kidonda. Nesi alikuwa mama wa makamo, mpole, amepiga magoti anazungusha bandeji. Bila kuinua uso akaniuliza mimi, kama wanavyotuuliza sisi wake siku zote, "Mama, huyu anakula nini?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Nililishikilia.

"Muulize mwenyewe, dada. Yupo hapa."

Nesi alimtazama. Mume wangu aliangalia mikono yake, akaipangusa kwenye suruali ingawa ilikuwa mikavu.

"Nilikula wali," akasema. "Msimu mzima. Na huyu nikamwambia nakula dona."

Ilikuwa mara ya kwanza kusema hivyo kwa mdomo wake, kwa mtu ambaye hakumjua. Nesi hakugomba. Alibana bandeji kwa plasta, akailaza mahali pake kwa kidole.

"Haya. Hayo yamepita. Na jana usiku ulikula nini?"

"Dona. Na matembele."

Nesi akanigeukia ili nithibitishe. Chakula hicho nilikipika mwenyewe, nilikaa naye mkekani nikamwona akila mpaka akanawa. Alikuwa amesema kweli. Na shingo yangu, ambayo ilitakiwa kuinama kidogo tu kuitikia ili tuende nyumbani, ilikataa.