Ndege Aliyenyimwa Kutua

Mume wangu ni fundi cherehani, na ukitaka kunitia hasira niulize suruali yako imefikia wapi. Nitajuaje? Kila asubuhi yeye na darubini yake wako ufukweni wanatazama ndege, mimi nimebaki dukani nawadanganya wateja eti nguo iko kwenye pasi. Nimemsema mpaka basi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jumapili moja alirudi anahema. "Mama watoto, njoo uone! Huyu si wa huku kabisa. Upepo umempoteza njia, amechoka hoi. Akipata kupumzika mpaka kesho, ataweza kurudi kwao."

Nikaenda, ilimradi anyamaze. Njia nzima alikuwa akilitaja jina la huyo ndege kama mtu aliyepata mjukuu. Na haki ya Mungu, nilipomwona niliduwaa. Mwembamba, kifua chekundu, mdomo mrefu umepinda juu kidogo. Alisimama mchangani kwa mguu mmoja, macho yanajifumba yenyewe.

Lakini Jumapili ufukwe wetu hauna pa kutia mguu. Mtu akampiga picha, akairusha mtandaoni, na kufumba na kufumbua wakaja kama siafu. Kijana mmoja mwenye miwani ya jua akasema ndege akisimama tu hapendezi, picha ni mabawa wazi. Akapiga makofi. Ndege akaruka, watu wakashangilia. Akatua mbele kidogo, wakamfuata, wakapiga makofi tena. Na tena.

"Jamani, mwacheni apumzike," mume wangu akawaomba. "Mkizidi kumrusha atakufa."

"Kwani mzee umemnunua?" kijana akamjibu. Wakacheka.

Damu ikanichemka. Mume wangu nimsimange mimi, si wao! Nikajifunga mtandio kiunoni, nikasimama kati yao na ndege, nikawapa vidonge vyao. "Hamna haya? Wewe utoke safari, kila ukifumba macho mtu akupigie makofi sikioni, utapenda?" Mama mmoja akamvuta mwanawe wakaondoka. Waliobaki wakanipita kando kama nguzo ya umeme. Ningefanya nini, mimi mmoja? Makofi yakalia nyuma yangu.

Safari hii hakuruka. Aliinua bawa moja, akalala ubavu.

Kijana akamwokota, akamweka karibu na uso wake, akanyoosha simu. "Mbona hafungui macho huyu?" Akamtikisa kidogo, akapiga picha hivyo hivyo. Kisha akamgeukia mume wangu, adabu imemjia ghafla.

"Shikamoo, mzee. Wanasema ndege wote unawajua. Huyu anaitwaje? Nataka niandike chini ya picha."

Mume wangu alimtazama ndege, kichwa kinaning'inia kati ya vidole vya yule kijana.

"Simjui," akasema.