Mtoto Niliyepewa Kwenye Barabara ya Muleba

Sikuwa nimelewa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo swali la kwanza ninaloulizwa kila nikisimulia haya, na wengine huuliza huku wanacheka. Mimi sinywi. Ni fundi wa kuchomelea, natengeneza mageti na vyuma vya madirisha, na ninayokueleza hapa sikuhadithiwa na mtu. Yalinipata jioni ya siku ile tetemeko lilipoipiga Bukoba, na jua lilikuwa halijazama.

Tetemeko lenyewe sitalieleza sana. Nilikuwa kwenye karakana yangu Rwamishenye, saa tisa alasiri imepita, nimevaa miwani nyeusi ya kuchomelea, kwa hiyo sikuona kitu. Nilisikia tu ardhi inanguruma kama lori zito linapita chini yangu. Nilipovua miwani, ukuta wa jirani haukuwepo. Watu walipiga kelele, halafu wakanyamaza, na ule ukimya ndio ulioniingia. Tangu hapo sikusikia hofu wala huzuni. Nilikuwa kama mtu aliyedungwa sindano ya ganzi mwili mzima.

Simu zilikuwa hazishiki. Mama yangu anaishi Muleba peke yake, na kichwani mwangu hakukuwa na jambo jingine ila kwenda kumwona. Maneno yalikuwa yamezagaa kwamba linakuja jingine kubwa zaidi, kwa hiyo kila mtu alitaka kutoka mjini. Stendi hakukuwa na gari, madereva nao walikuwa na nyumba zao za kukimbilia. Nikaanza kutembea. Tulikuwa wengi barabarani, wengine na magodoro kichwani, wengine wanavuta mbuzi, na karibu wote tulikuwa na vumbi la matofali. Kwa hiyo usiniulize kwa nini sikumshangaa dada niliyekutana naye. Siku ile mtu kuwa mweupe toka nywele hadi kucha halikuwa jambo la kushangaza.

Alinifikia kwa nyuma kabla ya Kyetema, watu wakiwa wamepungua. Miaka yake ishirini na kitu, kitenge, miguu mitupu, mtoto mgongoni.

"Waitu kaka," akaniita kwa heshima ya Kihaya, "unakwenda Muleba?"

"Nakwenda Muleba."

"Nisaidie mtoto. Mimi siwezi tena."

Akafungua mbeleko, akanipa. Binti wa mwaka mmoja na nusu hivi, amelala fofofo. Mimi sina mtoto, hata namna ya kumshika sikuijua. Nikamlaza begani. Nikamuuliza mama yake wanakoelekea.

"Muhutwe, kwa mama. Ulizia Ma Leokadia mwenye mashine ya kusaga. Anajulikana."

"Si tunakwenda wote?"

"Tunakwenda wote."

Akaniambia anaitwa Adventina, anatoka Kitendaguro, mume wake anavua samaki kisiwani Bumbire. Baada ya hapo hakuongea tena, isipokuwa neno moja. Kila baada ya mwendo kidogo aliuliza, "Anapumua?" Nami naweka sikio, namjibu, "Anapumua." Mara ya kwanza nilidhani ni wasiwasi wa mama. Mara ya tano nilikuwa najibu bila kufikiri.

Kyetema tukapata pikapu. Dereva alikuwa mzee, anapeleka magodoro na mbuzi wake Muleba. Nikamwambia tuko watatu. Akanitazama, akamtazama mtoto begani. "Wewe na mtoto, pandeni nyuma." Nikaona amekosea hesabu kwa uchovu tu. Nikapanda, na Adventina akapanda. Nilimwona kwa macho yangu akikaa ukingoni, miguu inaning'inia nje.

Karibu na Kemondo mvua ikatunyeshea. Si kubwa, lakini ilitosha. Vumbi langu likawa tope, likanitiririka mpaka mdomoni. Nikamfunika mtoto kwa shati. Kisha nikamtazama Adventina. Vumbi lake lilikuwa kavu. Kwenye nywele, mabegani, kwenye kope, kavu kabisa, kama vile mvua ilikuwa inanyesha mahali pengine.

Niliona. Niamini, niliona vizuri. Sasa utauliza, kwa nini sikuruka kutoka kwenye gari? Niliona nikasema moyoni, huyu halowi, basi. Mtu aliyeshuhudia ardhi ikitembea ana nguvu gani iliyobaki ya kushangaa?

"Anapumua?" akauliza.

"Anapumua. Amelala tu."

Saa moja jioni tukafika Muhutwe. Nikagonga bodi, gari likasimama, nikashuka na mtoto. Nilipogeuka ili nimsaidie mama yake kushuka, pale ukingoni hapakuwa na mtu. Magodoro yalikuwepo na mbuzi walikuwepo. Nikamwambia dereva asubiri, mama wa mtoto hajashuka.

Yule mzee akatoa kichwa dirishani. "Mama yupi? Toka Kyetema nakusikia unaongea peke yako. Nikasema, kijana amechanganyikiwa, acha nimfikishe." Akaondoa gari.

Kwa Ma Leokadia hapakuwa mbali. Nilimkuta amekaa nje na majirani, maana hakuna aliyethubutu kulala ndani. Alimtambua mjukuu wake kabla sijafungua mdomo. Akamchukua, akamtikisa, mtoto akaamka na kulia kwa mara ya kwanza tangu nimpokee. Bibi akamkumbatia. Kisha akaniuliza swali ambalo yeyote angeliuliza.

"Adventina yuko wapi?"

Hapo ndipo nilipokosea. Ningeweza kusema sijui. Lakini yule bibi alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sikuiweza, nikasema, "Yuko nyuma, anakuja."

Akamwekea binti yake chakula. Akakaa kwenye kiti kinachotazama barabara mpaka kulipokucha. Mimi nilijilaza pale uani, na kila nilipofumbua macho nilimkuta vilevile.

Asubuhi simu zikashika. Waliompigia Ma Leokadia walikuwa majirani wa binti yake kule Kitendaguro. Nyumba ilianguka yote kwa mara moja. Adventina walimtoa chini ya ukuta kabla ya machweo, keshakata roho, na waliomwona walisema alikufa palepale nyumba ilipoanguka. Walikuwa wanaendelea kuchimba wakimtafuta mtoto, toka jana, kwa majembe na mikono. Ma Leokadia aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Acheni kuchimba. Edina yuko hapa." Halafu akanigeukia, akanitazama.

Nikaenda zangu Muleba. Mama yangu alikuwa mzima.

Siku ya tatu mume wa Adventina alinifuata Muleba. Projestus, ndilo jina lake, alikuwa ametoka Bumbire kwa mtumbwi, macho mekundu. Hakunisalimia.

"Uliingia nyumbani kwangu," akasema. "Ulimtoa mtoto, ukamwacha mke wangu."

Ungemjibu nini? Nilimweleza kama ninavyokueleza wewe. Sikutegemea aniamini, na sijui mpaka leo kama aliniamini. Alinisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu, njiani Adventina alisema nini. Nikamwambia alikuwa anauliza kama mtoto anapumua. Projestus akakaa chini pale pale kwenye majani. Alipoinuka aliondoka bila kuaga.

Sasa Edina anasoma shule ya msingi. Hakumbuki lolote, ananiita baba mdogo. Huwa naenda kumwona, napeleka sukari na sabuni, nasalimia. Na kila nikifika, Ma Leokadia hunitazama mimi kwanza, halafu hutazama nyuma yangu, barabarani. Ni kwa kitambo kifupi tu, kisha hunikaribisha vizuri. Amemzika binti yake kwa mikono yake, kaburi liko pale kwenye kibanja, kati ya migomba, lakini bado hutazama.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayenisikiliza. Siku ya balaa, mtu akikupa mtoto njiani, mpokee, usimchunguze sana. Ila ukifika mlangoni na mama mtu akakuuliza aliko mwanawe, na wewe hujui, mwambie hujui. Usimwambie anakuja.