Samli kwenye Mkanda wa Feni

Vuta kigoda unisikilize, wewe uliyekulia Bariadi enzi wafanyabiashara binafsi walipoanza kugombania pamba yetu na mitumba ikajaa gulioni. Ndipo baba mdogo Masanja alipouza ng'ombe akanunua pikapu kuukuu ya petroli, ya kwanza kijijini. Watoto tuliinusa kuanzia matairi hadi bomba la moshi.

Siku ya harusi ya dada Limi tulijazana nyuma kwenda kanisani, tumepakwa mafuta tunang'aa. Taa ziliwashwa mchana kweupe, honi ililia, redio kaseti ikaunguruma. Kwenye dashibodi kataa kekundu kalikuwa kakiwaka. Tulidhani ni pambo. Katikati ya njia redio ikafifia, gari likakohoa, likazima. Padri alikuwa na safari ya kigango kingine. Tukichelewa, Limi angerudi nyumbani bila ndoa.

"Betri mpya hii!" baba mdogo akalalamika. "Na mkanda ulipiga kelele jana, nikaupaka samli, ukatulia." Ndivyo tulivyotuliza ekseli ya mkokoteni wa ng'ombe.

Limi alifunga shela kiunoni, akachungulia kwenye boneti. "Baba mdogo, kamba yenye samli ungemfungia dume?"

"Bibi harusi, hebu kaa huko!"

"Nikikaa huko, ataolewa nani?"

Alikuwa sahihi. Injini huzungusha mkanda, mkanda huzungusha alternata. Ndani yake sumaku huzunguka kati ya nyaya za shaba, na hapo umeme huzaliwa: unalisha taa na redio, unaobaki unaijaza betri. Mkanda ukiteleza, kataa kekundu huwaka kuonya, na betri hulisha vyote peke yake, hata cheche za injini, mpaka inaishiwa. Usishangae; hata mimi ilinichukua miaka kuelewa. Nyakati nyingine tatizo ni brashi za kaboni za alternata zilizolika, beringi iliyochoka au waya uliolegea.

Tulizima taa na redio. Kaya ya kando ya njia ikatupatia majivu, yaleyale ya kusugulia sufuria. Mkanda ukasuguliwa, ukafutwa, ukakazwa. Tukasukuma wote, shangazi wakipiga vigelegele, gari likawaka! Padri tulimkuta ameshika baiskeli yake. Alipoona viganja vya Limi vyenye majivu, akacheka, akarudi ndani ya kanisa.

Siku hizi kijana akiona kataa kale huongeza sauti ya muziki. Gari likizima anapiga simu, anasubiri peke yake kando ya barabara. Sisi tulikuwa na mikono mingi.

Kesho, kabla hujawasha gari, fungua boneti ubonyeze mkanda kwa kidole gumba: ukilegea ukaze, ukiwa na mafuta ufute, ukiwa na nyufa nunua mwingine.